Kupitisha bomba la moshi la hita ya gesi ukutani: mwongozo kamili kwa nyumba za Mwanza

Hita ya maji ya gesi huja ndani ya boksi ikiwa na kitabu cha maelekezo na, ukibahatika, kipande cha bomba. Kinachofuata ni fundi kusimama mbele ya ukuta wa bafu na kusema, "Mama, tunatoboa hapa hapa, kazi ya nusu saa tu." Kutoboa kweli ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kilichotoka nje hakirudi ndani, na hewa ambayo moto unaila ina njia ya kuingia. Nyumba nyingi zenye hita za gesi zimefanya la kwanza nusu nusu, na la pili hazikulifanya kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mpangaji au msimamizi wa gesti anayetaka kusimama na fundi akijua anachokitazama. Kuunga gesi na kuiwasha hita mara ya kwanza mwachie fundi aliyesomea gesi. Kuchagua ukuta, kukagua bomba, kupima hewa na kukataa kazi mbovu, hayo unayaweza mwenyewe.

Kinachotoka kwenye lile bomba

Gesi ya mtungi ikiungua vizuri inatoa kabonidioksaidi na mvuke wa maji. Mvuke si kidogo: kila kilo ya gesi inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ndiyo maana bomba la hita hudondosha matone, na ndiyo maana bomba la bati jembamba huoza mapema.

Moto ukikosa hewa ya kutosha, inazaliwa kaboni monoksaidi. Hii ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wamefunga madirisha kwa sababu ya baridi ya Julai. Ni sumu ile ile, ila kwa hita ya gesi inakuja kimya zaidi. Mkaa angalau unapowashwa una moshi kidogo wa kuwasha macho. Halafu ile harufu kali ya gesi tuliyoizoea hutiwa makusudi ili tujue gesi inavuja. Gesi ikishaungua, harufu imeungua nayo. Mtu anaoga, anahisi kichwa kizito, anadhani ni joto la maji.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huamini. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika ina nguvu ya karibu kilowati 12. Ikifunguliwa yote inakula gesi isiyofika kilo moja kwa saa, na kila kilo ya gesi inahitaji karibu mita 13 za ujazo za hewa ili iungue yote. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye urefu wa mita 2.4, lina mita za ujazo 7.2 tu. Hita ikiwa ndani ya bafu hilo na mlango umefungwa, kuoga robo saa kunamaliza oksijeni iliyo kwenye karibu mita 3 za ujazo za hewa, yaani si mbali na nusu ya chumba. Moto huanza kuharibika kabla ya kufika hapo.

Nyumba za zamani zilisamehe mambo mengi. Zina matundu ya hewa juu ya madirisha, dari lenye mianya, mlango usiogusa sakafu. Nyumba mpya zinazojengwa Buhongwa, Kisesa au Nyegezi zina madirisha ya aluminiamu yanayobana, dari la jipsamu na vigae mpaka juu. Ni nzuri, ila hazipumui. Hita iliyoishi salama miaka kwenye nyumba ya mzee wako inaweza isifae kwenye nyumba yako.

Kuna na suala la mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za vilimani Mwanza ziko juu zaidi. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kuliko Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane, hivyo kila mita ya hewa inayoingia kwenye moto ina oksijeni kidogo zaidi. Kwenye kitabu cha hita tafuta mwinuko wa mwisho inaoruhusiwa kufungwa. Na usijibane kwenye matundu ya hewa nitakayoyataja chini.

Hatua ya kwanza: jua hita yako ni ya aina gani

Hapa usiharakishe. Aina ya hita ndiyo inayoamua kama inaruhusiwa kutoa moshi ukutani.

Kuna hita isiyo na bomba kabisa. Juu ina mianya tu, na hewa chafu inabaki chumbani. Ndani ya nyumba usiifunge, si bafuni, si jikoni. Fundi akikwambia ataichongea bomba, mkatalie; haikutengenezwa kwa bomba.

Kuna hita yenye shingo ya bomba juu lakini haina feni, mara nyingi inawashwa na betri mbili kubwa. Moshi wake unapanda wenyewe kwa sababu ni wa moto. Hii ndiyo inayosababisha makosa mengi, kwa kuwa shingo ile inamshawishi fundi aweke elbo moja na kutoboa ukuta papo hapo. Moshi usio na feni unataka kupanda wima, na upepo kidogo tu ukigonga ukuta unaurudisha ndani. Bomba la hita hii linapaswa kupanda moja kwa moja hadi kutokea juu ya paa, na kabla ya kona ya kwanza, kama kona haikwepeki, lipande angalau sentimita 60. Kama njia pekee uliyonayo ni ukuta, usinunue hita hii. Kama umeshainunua, irudishe au ifungie mahali bomba linaweza kupanda.

Ya tatu ina feni inayosukuma moshi nje kwa nguvu. Inahitaji umeme, na bomba lake ni jembamba, mara nyingi milimita 60. Hii inaruhusiwa kupita ukutani. Umeme ukikatika haiwaki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Anayekuja na ujanja wa kuiwasha bila feni mfukuze. Kumbuka tu kwamba hewa ya kuunguza bado inaitoa chumbani.

Ya nne ndiyo bora kwa ukuta: bomba ndani ya bomba, la ndani milimita 60 na la nje milimita 100. La ndani linatoa moshi, nafasi iliyo katikati inaingiza hewa safi kutoka nje. Moto wake umefungiwa kabisa, haugusani na hewa ya chumba. Bei iko juu kidogo. Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto au gesti yenye vyumba vingi isifunge aina nyingine yoyote ndani.

Na kabla hujatoboa kitu, jiulize kama hita ina haja ya kuwa ndani. Mwanza haina barafu ya kugandisha mabomba. Zipo hita zilizotengenezwa kukaa nje, ukuta wa nyuma chini ya paa lililochomoza, na maji ya moto yakaingia ndani kwa bomba. Ukipata iliyoandikwa wazi kwenye lebo kwamba ni ya nje, sehemu kubwa ya mwongozo huu huihitaji. Ile ya ndani usiitoe nje: upepo utaizima kila saa na mvua itaimaliza.

Hatua ya pili: chagua ukuta, na uchague kwa upepo

Chukua chaki, zunguka nyumba, chora alama ya duara pale unapofikiria bomba litatokea. Kisha simama hapo, mara mbili: alasiri na usiku.

Mtu wa mwambao wa ziwa anajua kwamba mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku unageuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa nyumba ya Capri Point, Bwiru au Luchelele inayotazama maji, ukuta unaotazama ziwa unapigwa na upepo jioni, saa zile zile watu wanatoka kazini na kuoga. Ukitokeza bomba kwenye ukuta huo, feni ya hita inashindana na upepo wa ziwa. Ukuta wa upande mara nyingi ni bora kuliko wa mbele na wa nyuma, kwa sababu upepo unaupitia pembeni mchana na usiku. Lakini uupime wewe mwenyewe kwa kitambaa chepesi au moshi wa udi, maana mawe na vilima vya mji huu vinageuza upepo vinavyotaka.

Mawe nayo yana mambo yake. Isamilo, Mabatini, miteremko ya Bugando: nyumba nyingi zimejengwa zimekumbatia jiwe, na kati ya ukuta wa nyuma na mwamba kuna uchochoro wa kupita mtu mmoja. Fundi anaupenda uchochoro huo kwa sababu bomba halionekani. Ni mahali pabaya kuliko pote. Moshi unagonga mwamba, unajaa kwenye uchochoro, kisha unatafuta dirisha la kwanza lililo wazi. Mbele ya mdomo wa bomba panatakiwa nafasi wazi ya angalau sentimita 60 hadi kitu chochote kinachoukabili, na uwazi huo uwe na njia ya hewa kupita pande zote mbili, usiwe kama shimo. Uchochoro uliozibwa mwisho mmoja haufai hata ukiwa na upana wa mita moja.

Vipimo vya kitabu cha hita yako ndivyo vya kufuata kwanza. Kama kitabu kimepotea au kimeandikwa Kichina kitupu, mimi ningeshika hivi: mdomo wa bomba uwe mbali na dirisha, mlango au tundu la hewa kwa sentimita 60 kwenda pembeni, na usikae chini ya dirisha linalofunguka ikiwezekana, ikishindikana, angalau mita moja chini yake, na zaidi ni bora, kwa kuwa moshi wa moto unapanda. Chini ya ukingo wa paa acha sentimita 30 au zaidi, hasa kama ukingo una mianya ya kuingiza hewa darini, maana moshi ukiingia darini umeingia nyumbani. Kwenye njia ya watu uweke juu ya urefu wa mtu, mita 2 kwenda juu, mtoto asiuguse. Usiutokeze ndani ya gereji, kwenye veranda iliyozibwa, wala kwenye kisima cha hewa, ule uwazi wa wima katikati ya jengo unaohudumia vyoo vya ghorofa nzima.

Angalia na dirisha la jirani. Kwenye viwanja vilivyobanana, ukuta wako wa nyuma ndio chumba chake cha kulala. Bora umbishie hodi kabla ya kutoboa kuliko baada.

Mitungi iwe upande mwingine. Gesi yetu ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo. Mtungi usiwe chini ya mdomo wa bomba la moshi, usiwe karibu na mtaro au chemba ya maji machafu, na uwe mita moja au zaidi kutoka chochote kinachotoa cheche.

Hatua ya tatu: bomba na vifaa

Bomba la plastiki la maji taka, lile la inchi 4 la kijivu, halifai. Nalisema mapema kwa sababu ndilo ambalo fundi bomba analo kwenye gari. Plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, na moshi wa hita ya kawaida unaweza kutoka ukiwa na nyuzi 150 na zaidi. Siku ya kwanza litapendeza. Baada ya muda linapinda, linaachia kwenye kiungo, na kiungo chenyewe kiko juu ya dari usikokuona.

Nunua bomba la chuma kisichoshika kutu, la kipenyo kile kile cha shingo ya hita. Usipunguze kipenyo hata kidogo ili liingie kwenye tundu lililopo. Utahitaji pia elbo za bomba hilo hilo, mdomo wa nje wa kiwandani wenye kofia, kola mbili za kuzibia ukuta ndani na nje, kipande cha bomba pana la chuma la kuvika ndani ya ukuta, silikoni inayohimili joto kali, tepu ya aluminiamu, na vishikizo vya kulibana bomba. Ongeza kengele ya kaboni monoksaidi. Kama bajeti haitoshi kengele, punguza kwingine.

Urefu wa bomba una kikomo. Hita nyingi zenye feni zinaruhusu karibu mita 3, na kila elbo ya nyuzi 90 ihesabu kama karibu mita moja zaidi. Bomba fupi lenye kona moja linafanya kazi vizuri kuliko refu lenye kona tatu lililofichwa kwa ajili ya urembo.

Hatua ya nne: kutoboa

Pandisha hita ukutani kwanza kwa alama tu, bila kuifunga, ili ujue shingo itafika wapi. Halafu weka alama ya katikati ya tundu.

Bomba la hita yenye feni, na la bomba ndani ya bomba, lielekee chini kidogo likienda nje: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Maji ya mvuke na ya mvua yatoke nje badala ya kurudi kwenye feni. (Hita za kisasa zinazokamua joto la mvuke wenyewe zinaelekezwa kinyume, kurudi ndani, hizo ni chache madukani na kitabu chake kitasema.) Ukuta wa tofali la inchi 6 ukiongeza plasta pande mbili unakaribia sentimita 19, kwa hiyo ndani ya ukuta peke yake mteremko ni milimita 2 hadi 4. Ni mdogo mno kwa jicho. Tumia pima maji.

Kabla ya drili, angalia soketi na swichi zilizo juu au chini ya alama, kwa kuwa waya hupita wima. Angalia mabomba ya bafu. Zima umeme wa upande huo. Na kaa mbali na lenta: ukikutana na nondo umefika usipotakiwa, ziba na uhamie chini.

Toboa kwanza tundu jembamba kwa drili ndefu kutoka ndani hadi nje, kwa mteremko ule ule. Nenda nje ukaangalie limetokea wapi. Mara nyingi litatokea sentimita kadhaa mbali na chaki yako, na ni rahisi kusahihisha tundu jembamba kuliko la inchi 5. Likiwa sawa, kodi mashine ya kukata duara. Kama haipatikani, chora duara pande zote mbili, toboa matundu madogo yanayofuatana kwenye mstari, kisha kula katikati kwa tindo na nyundo ndogo, nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje. Ukigonga kutoka upande mmoja hadi mwisho, plasta ya upande wa pili inabanduka kipande kikubwa kama sinia. Tofali za kuchoma zinavunjika ovyo. Hapo nyundo ipigwe kwa upole.

Tundu lizidi bomba la kuvika kwa sentimita 1 au 2 tu. Vika lile bomba pana, lipangie kwa saruji, liache likauke hadi kesho yake. Bomba la moshi lenyewe lisizikwe kwenye saruji, kwa sababu siku ya kulisafisha linatakiwa litoke.

Kama ukuta au dari lina mbao, bomba lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 15.

Hatua ya tano: kufunga bomba

Anzia kwenye hita kwenda nje. Kwenye kila kiungo, bomba la upande wa juu wa mteremko ndilo liingie ndani ya bomba la upande wa chini. Ukigeuza, matone yanachuruzika nje ya kiungo, yanachora mistari ya kutu ukutani, na palipopita maji moshi nao unapita.

Bana kila kiungo kwa klipu yake au skrubu fupi, zungushia tepu ya aluminiamu, na weka kishikizo kila mita moja. Bomba lisilale juu ya hita wala kuning'inia. Lisukume kwa mkono: likicheza, halijakaa.

Kati ya bomba la moshi na bomba la kuvika weka pamba ya madini isiyoungua, si gunia, si sponji, si povu la kupuliza la madirisha, ambalo linawaka. Ziba kwa kola na silikoni nje na ndani. Kuziba kwa ndani ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakozuia moshi uliotoka kuingia tena kupitia pengo la ukuta.

Mdomo wa nje uchomoze kama kitabu kinavyosema, kofia ikitazama chini au pembeni.

Wavu wa mbu na wadudu wa ziwani

Hili lina sehemu yake kwa sababu ya tunakoishi. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi na kuvamia taa usiku hujaa kila penye uwazi. Nyigu nao wanapenda tundu tulivu la kujengea udongo, na buibui vivyo hivyo. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuvika wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba.

Usivike. Wavu ule una matundu madogo mno. Wadudu wakishanasa pamoja na unyevu wa mvuke, vinagandamana kuwa tope, na bomba limezibwa kwa kitu ulichokiweka wewe. Mdomo wa kiwandani una mianya mipana inayozuia ndege na panya na kuacha moshi upite. Inatosha. Wadudu wadogo watakaoingia utawashughulikia kwa kukagua.

Hatua ya sita: hewa ya kuingia

Kama hita yako ni ya bomba ndani ya bomba, ruka hapa.

Kwa nyingine zote, chumba chenye hita kiwe na matundu mawili ya kudumu yanayotoka nje moja kwa moja, moja karibu na sakafu na moja karibu na dari. Kila tundu liwe na uwazi wa angalau sentimita 6 za mraba kwa kila kilowati. Hita ya kilowati 12 inataka kama 72 kila tundu. Mimi ningeweka sentimita 10 kwa 15 na kuachana na hesabu, hasa kama utaweka wavu wa mbu hapa, ambapo unaruhusiwa mradi usafishwe, maana wavu unaiba sehemu kubwa ya uwazi. Tundu la chini lina faida ya pili: gesi ikivuja, inatokea hapo.

Dirisha linalofunguka si tundu la kudumu. Usiku wa baridi litafungwa.

Angalia feni ya kunyonya ya jikoni au chooni. Inavuta hewa nje kwa nguvu, na ikikosa pa kuivuta inaivuta kupitia bomba la hita, pamoja na moshi wake. Chumba chenye feni hiyo na hita isiyofungwa moto wake, chagua kimoja.

Hita ya aina yoyote isipokuwa bomba ndani ya bomba isikae chumba cha kulala wala bafuni, hata ikiwa na matundu.

Gesi, kwa ufupi

Soma nguvu ya rejuleta iliyoandikwa juu yake kwa kilo kwa saa. Hita ya lita 10 yenye kilowati 20 inakula karibu kilo moja na nusu kwa saa, na rejuleta ya jiko la kupikia inaweza isitoshe. Moto unakuwa dhaifu na wa njano. Mpira wa gesi usipite ukutani: ukutani lipite bomba la chuma au shaba, mpira uwe kipande kifupi cha mwisho kinachoonekana. Kila kiungo pakwa povu la sabuni. Mapovu yakivimba, kinavuja. Kiberiti kikae mfukoni.

Hatua ya saba: majaribio kabla mtu hajaoga

Fundi atafungua maji, moto utawaka, ataomba hela yake. Mwambie asubiri.

Funga milango na madirisha yote ya chumba. Washa feni zote za kunyonya za nyumba. Fungua maji ya moto hadi mwisho, acha dakika 10. Sasa chukua udi mmoja uliowashwa, usogeze polepole kuzunguka sehemu ya juu ya hita pale moshi unapoingia kwenye bomba, kisha kwenye kila kiungo. Moshi wa udi ukivutwa kuelekea hita na bomba, vizuri. Ukisukumwa kukujia usoni, hita inamwaga sumu chumbani. Zima, fungua madirisha, kazi haijaisha. Peleka udi na kwenye kola ya ukuta kwa ndani. Kwa hita ya bomba ndani ya bomba, pita kwenye viungo na kola.

Angalia moto kwenye kidirisha chake. Unatakiwa uwe wa bluu na umetulia. Ncha za njano zinazocheza, masizi, au moto unaoruka kutoka kwenye tundu zake, vyote vinamaanisha hewa au gesi haiko sawa.

Rudia jaribio siku ya upepo wa ziwa, jioni. Jaribio la asubuhi tulivu halijakuonyesha chochote kuhusu saa 12 jioni.

Kengele ya kaboni monoksaidi ifungwe kwa urefu wa kichwa cha mtu, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, mbali na mvuke wa bafu na dirisha. Nyingine weka karibu na vyumba vya kulala. Kengele ya gesi inayovuja ni kifaa kingine, na hukaa chini karibu na sakafu. Usikubali muuzaji akuambie moja inafanya kazi zote mbili hadi uone imeandikwa. Soma tarehe ya mwisho nyuma yake. Kengele zina umri, na iliyopita umri inaweza bado kuwasha taa yake ya kijani.

Ikitokea

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na zaidi ya mtu mmoja ndani ya nyumba anasikia hivyo. Watu wanapata nafuu wakitoka nje na kuzidiwa wakirudi. Hiyo si malaria. Watoto na wajawazito huathirika mapema.

Toa watu nje kwanza. Ukiweza kufunga valvu ya mtungi bila kuingia kwenye hewa hiyo, ifunge. Piga 114 kwa Zimamoto. Aliyepoteza fahamu au anayechanganyikiwa apelekwe hospitali ya karibu, Sekou Toure au Bugando kwa walio mjini, na mwambie daktari moja kwa moja kwamba ametoka kwenye chumba chenye hita ya gesi, kwa sababu tiba ni oksijeni na dalili zenyewe zinafanana na magonjwa mengi. Usimpe maziwa. Hita isiwashwe tena hadi ijulikane moshi ulirudi kwa njia gani.

Matunzo

Mara moja kwa mwaka fundi afungue hita, asafishe vichomeo na feni. Mwezi Mei unafaa, masika yanapoisha na baridi ya Juni haijaanza. Wewe mwenyewe, kila mwezi, nenda nje utazame mdomo wa bomba kwa tochi: udongo wa nyigu, utando, wadudu waliokauka, kofia iliyopindwa na mpira wa watoto. Angalia ukuta unaouzunguka. Weusi unaoongezeka kuzunguka mdomo ni masizi, na masizi ni moto uliokosa hewa. Bonyeza kitufe cha kujaribu kengele siku hiyo hiyo.

Ukiongeza chumba, ukiziba veranda, ukibadilisha madirisha ya vioo vya kupangana ukaweka ya aluminiamu, au jirani akijenga ukuta mbele ya bomba lako, vipimo vyote vya hatua ya pili na ya sita vinaanza upya. Na kwa nyumba ya kupangisha, mpangaji mmoja akihama rudia jaribio la udi kabla mwingine hajaingia, umwonyeshe matundu ya hewa yalipo na kwa nini hayazibwi na gazeti.